Nyinyi Wote Mlio Hapo, Mnafanya Nini?

Wiki jana niligombana na rafiki yangu juu ya dada ya mtu ambaye hayupo.

Tulikuwa watu watano kwa nyumba ya mmoja wetu pale Roysambu, chapati na ndengu mezani, Return of the Jedi ya mwaka 1983 ikicheza kwa tarakilishi. Nikasema, bila kukusudia vita, kwamba Nien Nunb ana dada anayeitwa Aril ambaye pia ni rubani. Nien Nunb ni yule kiumbe mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyokunjamana, anayekaa kando ya Lando Calrissian ndani ya Millennium Falcon. Rafiki yangu, kijana wa Kericho anayejua Star Wars kuliko anavyojua njia ya kwao, hata hakuinua macho kutoka kwa sahani.

"Huyo dada hayuko kanoni," akasema. "Walimtoa 2014."

Walimtoa. Kama jina lililotolewa kwenye sajili ya wapiga kura.

Wale wengine watatu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Kwani nyinyi wawili hamna kodi ya kulipa?"

Nina kesi na pande zote mbili, na kwa sababu siku hiyo nilishindwa kujitetea na chapati mdomoni, najitetea hapa. Aliyecheka anadhani kufuatilia vijukumu vya watu wadogo kwa hadithi ya angani ni upuzi. Aliyemtoa Aril anadhani si upuzi, lakini mwenye kuamua nani yupo na nani hayupo ni kampuni. Mimi nasema kazi hii ni ya maana sana, na kwamba tumeifanya nusu. Nusu tuliyoiacha inatuhusu sisi, watu wa hapa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupotelea huku, hebu nieleze. Filamu za Star Wars ni sehemu ndogo tu ya mambo. Tangu 1977 kumekuwa na riwaya, vitabu vya katuni, michezo ya kompyuta na vipindi vya televisheni, vyote vikisimulia ulimwengu mmoja. Waandishi ni wengi, na kila mmoja anakuta nyumba ina samani za mwenzake. Lazima awepo wa kuuliza: kama huyu alikufa kwa kitabu kile, mbona anakunywa pombe kwa hiki? Kazi hiyo ndiyo inaitwa mwendelezo. Lucasfilm ilikuwa na hifadhidata yake, Holocron, iliyotunzwa na Leland Chee kuanzia mwaka 2000, na ndani yake mambo yalipangwa kwa ngazi. Juu kabisa palikaa alichokiweka George Lucas kwenye filamu. Chini yake televisheni, chini tena vitabu na katuni, na chini kabisa vile vya zamani ambavyo hakuna aliyetaka kuviapia.

Lakini raha yenyewe haikuwa kwa ngazi. Raha ilikuwa kwa mashabiki na waandishi waliokataa kwamba mtu anaweza kupita tu mbele ya kamera bila kuwa mtu. Kwenye The Empire Strikes Back ya 1980, watu wanapokimbia Cloud City, kuna jamaa mmoja wa nguo za rangi ya machungwa anayepita mbio amekumbatia kitu. Ukitulia uangalie vizuri, ni mashine ya kutengenezea aiskrimu. Sekunde chache, hana neno hata moja, ameenda. Leo ana jina, Willrow Hood. Ana kazi, na ana sababu ya kukimbia: ile "mashine" ilipewa maana ya chombo chenye kumbukumbu za kompyuta ambazo hakutaka ziangukie mikononi mwa Himaya. Mashabiki huvaa kama yeye kwenye makongamano yao na kukimbia kwa kundi, kila mtu na mashine yake ya aiskrimu. Na The Mandalorian ilipotoka 2019, chombo cha aina ileile kikaonekana kikibeba madini ya thamani. Mzaha ukawa mali.

Mambo ya chini yamepanda juu mara nyingi tu. Coruscant, jina la mji mkuu wa galaksi nzima, lilitoka kwa riwaya ya Timothy Zahn ya 1991, na filamu zikalichukua. Aayla Secura, yule Jedi wa rangi ya buluu, alizaliwa kwenye vitabu vya katuni. Lucas akapenda picha yake, akamtia kwenye filamu ya 2002.

Sasa aliyecheka, nisikilize. Wewe na mimi tumekua tukitazama filamu ambamo watu wanaofanana na sisi ni wabeba mizigo, ni askari asiye na jina, ni kijiji kinachoungua ili nyota wa filamu apate hasira. Tumezoea kupita nyuma ya picha. Mtu anayesimamisha filamu, akarudisha nyuma na kuuliza, "Huyu anayepita ni nani, ametoka wapi, alikuwa anapeleka nini?" anafanya kitu ambacho hatujawahi kufanyiwa. Mimi sioni upuzi hapo. Naona adabu.

Halafu nikugeukie wewe wa Kericho. Tarehe 25 Aprili 2014, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya Disney kuinunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4, lilitoka tangazo kwamba vitabu, katuni na michezo karibu yote iliyotangulia ingeitwa Legends, na haingehesabiwa tena kwa hadithi rasmi. Mara Jade, aliyeletwa na Zahn na hatimaye kuolewa na Luke Skywalker, akawa hakuwahi kuwepo. Chewbacca, aliyeuawa kwenye riwaya ya 1999, akafufuka bila hata watu kurudishiwa pesa za harambee ya mazishi. Aril Nunb, aliyekuwa ofisa wa Rogue Squadron kwenye riwaya za X-wing za Michael Stackpole, akatiwa kwenye kapu hilohilo na mambo yake yote.

Sababu naielewa. Walitaka kutengeneza filamu mpya, na huwezi kumwandikia mtu filamu ukiwa umemfunga miguu kwa riwaya za zaidi ya miaka 20. Hilo silipingi. Ninachopinga ni jinsi sisi mashabiki tulivyogeuka makarani wa mahakama. Mtu akitaja jambo alilolipenda utotoni, jibu ni moja: si kanoni. Kama muhuri. Na tunalisema kana kwamba maana yake ni "si kweli", ilhali kati ya haya yote hakuna la kweli. Thrawn alikuwa si kanoni hadi walipomhitaji kwa Rebels mwaka 2016, ndipo akawa kanoni. Ni nani alibadilika hapo, Thrawn au mwenye duka?

Watu wa pwani yetu wana Fumo Liyongo, na hakuna aliyewahi kuwaletea tangazo. Wataalamu bado wanabishana aliishi karne gani. Mmoja atakusimulia hivi, mwingine vile, mmoja atarefusha karamu, mwingine atarefusha kifungo na pingu. Lakini wote wanajua sindano ya shaba kitovuni, wanajua ni mwanawe aliyeichoma, wanajua alikufa amepiga goti karibu na kisima na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hadithi imeishi kwa sababu kila aliyeisimulia aliichukua kama yake. Hakuna anayesimama katikati ya simulizi kumwambia mzee wa Pate kwamba toleo lake lilifutwa.

Ni hapa ndipo naingia mimi, na shosho.

Januari 2008 tulitoka Nakuru na mifuko miwili na godoro. Tulijazana kwa mjomba Kahawa West, watu kumi na mmoja kwa vyumba viwili. Nilikuwa na miaka 11, shule ilikuwa imesimama, na binamu yangu alikuwa na DVD moja ya River Road iliyobeba filamu sita, ukiwa na bahati nne zinacheza. Shosho hakupenda filamu za Kizungu. Alikuwa anakaa kwa kiti karibu na dirisha, sinia mapajani, anachagua maharagwe, na kwa wiki hizo alikuwa anaongea kidogo sana.

Falcon ikawa inaelekea vitani. Nien Nunb akafungua mdomo. Shosho akainua kichwa.

"Huyo anasema nini?"

"Ni lugha ya huko angani, Cucu," binamu akamjibu.

"Angani gani? Anaongea Gĩkũyũ. Anauliza, nyinyi wote mlio hapo, mnafanya nini?"

Tukacheka, tukadhani ni uzee na uchovu. Akasema turudishe nyuma. Tukarudisha. Manze, ilikuwa kweli. Tukarudisha tena, na tena, hadi DVD ikakwama. Sisi tuliokuwa tumetazama filamu hiyo labda mara kumi, tuliofundishwa na shule kwamba kuongea lugha ya nyumbani ni kuvishwa kibao shingoni hadi jioni, hatukuwa tumesikia. Masikio yetu yalikuwa yameshaambiwa hiyo ni kelele ya kiumbe. Shosho hakuwa ameambiwa.

Halafu akauliza swali ambalo kila Mkikuyu wa umri wake huuliza: "Huyo ni mtoto wa nani?"

Hatukujua. Nilijua sayari yake, Sullust. Nilijua aliwahi kufanya magendo. Nilijua meli yake. Mtoto wa nani sikujua.

Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, kwa saiba, The Force Awakens ilipotoka 2015 na Nunb akarudi. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati Ben Burtt, fundi wa sauti wa Star Wars, akitafuta lugha ya kiumbe huyu. Nikasoma jina lile mara mbili. Kipsang. Rotich. Jina la Kikalenjin, na maneno ya Kikuyu. Waliotoka Nakuru mwezi ule tuliotoka sisi hawahitaji nieleze majina hayo yalikuwa yamewekwa pande gani za barabara.

Nikampigia shosho simu. Nikamwambia, "Cucu, yule wa angani, anaitwa Kipsang." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na anaongea vizuri hivyo." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa nirudi kwa mashabiki wenzangu, kwa sababu hapa ndipo penye ugomvi wangu. Ndani ya hadithi, Nunb anaongea Kisullusti. Hana maandishi chini ya picha. Tunajua alichosema kwa jibu la Lando, na Lando anajibu habari za ngao na mitambo kuvurugwa. Nje ya hadithi, kijana Mkenya anauliza watu wanafanya nini hapo. Yote mawili yamo kwenye filamu, kwa sekunde zilezile. Yote mawili yanasikika. Lakini ngazi zetu za kanoni, zenye nafasi ya katuni iliyosomwa na watu mia mbili, hazina kidato cha Rotich. Yeye anawekwa chini, kwenye zile aya za "nyuma ya pazia", baada ya orodha ndefu ya vita alivyopigana kinyago alichokipa uhai.

Na hata hapo chini hatukuwa makini. Kwa miaka mingi utakuta imeandikwa kwamba lugha ile ni Kihaya cha Tanzania. Sina ubaya na Wahaya. Bukoba wana fahari yao na wameitunza bila msaada wangu. Lakini hebu fikiria. Hawa ni watu wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya idadi ya injini za meli moja. Wamepima urefu wa Super Star Destroyer, wakapimana upya, wakatukanana. Lakini lugha yenye wasemaji mamilioni, walio hai, wenye simu, haikupata wa kuuliza. Ingetosha mwanamke mmoja anayechagua maharagwe.

Na Nunb si peke yake. Wale Jawa wadogo wa jangwani, Burtt alianzia kwa Kizulu, akakiharakisha. Greedo, anayeuawa na Han Solo pale kwenye baa, lugha yake ilijengwa kwa mfano wa Kikwechua cha milima ya Andes. Wale Ewok wa msituni, ndani yao mna Kikalmiki na Kitibeti. Angalia orodha hiyo. Wakubwa wa Himaya wanaongea Kiingereza cha Uingereza, safi, kimepigwa pasi. Galaksi inapotaka kusikika ngeni, inakuja kwetu.

Najua utakachosema. Burtt hakuficha, aliyasimulia mwenyewe. Rotich hakuibiwa sauti. Aliketi, akarekodi, na miaka 32 baadaye akarudi kuifanya tena. Ni kweli, na silii hapa kwamba nimeibiwa. Burtt ni fundi, na fundi hutumia sauti popote anapoipata. Hata Chewbacca alitengenezwa kwa dubu na wanyama wengine. Ila hapo ndipo panaponiwasha. Kwenye kabati moja la vifaa kuna mngurumo wa dubu na kuna lugha ambayo shosho aliitumia kuniita nile. Thamani ya vyote viwili ilikuwa moja: kwamba mtazamaji hataelewa. Basi kuna watazamaji waliowaelewa, toka siku ya kwanza. Mwendelezo usiowahesabu watazamaji hao una shimo kubwa kuliko lile la kupitishia moto kwenye Death Star.

Utasema pia, mbona unaleta ukabila hadi angani? Ndugu yangu, mwenye jina la Rotich anayeongea Kikuyu ndani ya chombo cha Wamarekani ndiye mtu mwenye ukabila kidogo zaidi kwenye filamu nzima. Mimi nataka tu atajwe.

Na sisi Wakenya tusijifanye wasafi. Kila baada ya miezi michache kipande kile cha video huzunguka tena kwa simu, na sote tunajua utani unaofuata. Mkikuyu amefika hadi angani, bila shaka alienda kuulizia ploti. Nami hucheka; utani ni mzuri. Kisha tunasukuma kidole juu, tunaenda kwa jambo lingine. Nimeutafuta mwandiko mmoja tu, wa mtu aliyekaa chini akaandika kila neno analosema Nien Nunb, kwa tahajia sahihi, na maana yake kwa Kiswahili, nikapata vipande tu na kubahatisha kwingi. Tumekuwa wepesi wa kudai "huyo ni wetu", lakini mtu wetu hatumjui alisema nini.

Kwenye The Rise of Skywalker ya 2019, Nien Nunb alikuwa anaendesha Tantive IV ilipopigwa na radi za Palpatine juu ya Exegol. Miaka 36 tangu tumwone mara ya kwanza. Nilikuwa ukumbini. Meli ikapasuka, kamera ikaenda kwa wenye majina makubwa, na popkoni zikaendelea kutafunwa. Nikawa nataka kusimama niseme, jamani, kuna mtu amekufa hapo. Sikusimama. Nilitoka nikamtumia ujumbe rafiki yangu wa Kericho, naye akajibu kwa neno moja la Kikalenjin ambalo mpaka leo hajanitafsiria. Ndiyo maana sijaweza kumchukia, hata baada ya wiki jana.

Basi pendekezo langu ni dogo. Aril Nunb yupo. Kampuni ikae na mihuri yake; mimi nilimsoma, nilimpenda, na Nien hatabaki bila dada kwa sababu ya tangazo. Hilo la kwanza. La pili, yule anayetaka kujiita mjuzi wa mwendelezo wa Nien Nunb aanze na Kipsang Rotich, kwa aya ya kwanza kabisa, kabla ya Sullust, kabla ya magendo. La tatu ni kazi ya mikono.

Kuna wanaosema ndani ya mistari ile hakuna Kikuyu peke yake, kwamba kuna Kikalenjin pia. Mimi siwezi kukisikia hata kikipiga kelele sikioni mwangu. Rafiki yangu anaweza. Kwa hivyo nimemwandikia: Jumamosi, Roysambu, saa nane. Mimi nitakuja na daftari, wewe uje na masikio. Tutasimamisha kila mstari. Wangu nitauandika, wako utauandika, na ule tutakaoshindwa wote wawili tutampigia mtu wa Bukoba kabla hatujasema ni kelele.

Amejibu kwamba atakuja, ila habari za Aril tusizitaje. Wale watatu nao wanasema watakuja, kama kutakuwa na ndengu.